Sauti ya Jumapili

Osukuru, Tororo
4 Februari 2026

Kwako Dada Sandra,

Kila Jumapili, baba anapopiga simu kutoka Juba na kuomba kuongea na mama, sauti anayoisikia si ya mama. Ni yangu. Sijamwambia mtu yeyote. Nakuambia wewe kwa kalamu kwa sababu kwa mdomo nisingeweza, na ujumbe wa simu ungesomwa na nyumba nzima, maana simu tuliyo nayo ni moja.

Nimeanza na hilo kwa sababu mwaliko wako umeninyima raha tangu jirani yetu Ochen aulete kutoka sokoni Busia. Unataka mimi na mama tuonekane kwenye mkutano wenu wa mtandaoni, mbele ya madaktari na wataalamu wanaowasaidia watu walioumia ubongo, tuwaeleze jinsi mama anavyorudia maisha yake. Dakika saba tu, umesema, kana kwamba dakika saba ni kitu kidogo. Dada, katika miaka minne ya sekondari niliinua mkono darasani mara moja, na ilikuwa kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Wewe unamjua mama tangu wiki zile alizokuja kituoni kwenu kwa mazoezi ya kuongea, baada ya boda boda kumgonga nje ya soko na kichwa chake kupiga lami. Ulimkuta anaelewa kila kitu, anapika, anapepeta nafaka yake ya wimbi, lakini maneno yamempotea. Baba alitaka kuacha kazi ya ujenzi arudi. Baba mdogo Ikiring akamwambia asirudi, mke wake amepona kabisa. Jumapili iliyofuata baba akapiga, mama akashika simu, na hakuna neno lililotoka. Nikamsikia baba akibembeleza: "Nimekukosea nini? Nani amekuletea maneno juu yangu?" Mama machozi yakawa yanamtiririka. Nikamnyang'anya simu, nikakimbilia nyuma ya jiko, nikasema kwa sauti nzito kama yake: "Wewe nawe, Papa Emmy! Network ya huko kwenu ndiyo bubu." Baba akacheka mpaka akakohoa.

Basi tangu siku hiyo, kila Jumapili mimi ni mama. Mkutano ukimwonyesha mama mwenyewe, habari zitafika Juba. Tafadhali tafuta mtu mwingine, na haya niliyoandika yabaki kwako.

Mdogo wako,
Emmy Aanyu


Busia, upande wa Kenya
11 Februari 2026

Mdogo wangu Emmy,

Siri yako nimeifungia. Pumua kwanza.

Sasa acha nikuambie kilichonishangaza. Mimi naongea na mama yako kila Ijumaa kwenye mazoezi yetu ya simu, na tangu Novemba maneno yake yanatoka kama maji ya bomba. Ijumaa iliyopita nilimwomba anitajie vitu vitano vya jikoni. Akataja saba, kisha akaniambia, "Wewe binti unauliza vyungu vya watu, chako kitapanda jikoni lini?" Nilicheka mpaka wenzangu wakaja kuchungulia mlangoni. Wewe ndiye nisiyekusikia! Ulipokuwa ukimleta hapa, kila nilipokusalimia ulisema "mm" ukaangalia viatu vyako.

Kwa hiyo nimekaa nikafikiri. Huenda maneno yanamjia akiongea na mtu baki kama mimi, na yanamkwama kwa mume kwa sababu moyo unaingilia kati. Nimeona wagonjwa wanaoimba kanisani kutoka mwanzo mpaka mwisho, na mezani hawawezi kuomba chumvi. Nitaligusa jambo hilo kwenye hotuba yangu bila kutaja jina la mtu. Mama yako ndiye mfano wangu mkuu, Emmy. Hotuba nimeiita "Maneno Yaliyorudi kwa Simu."

Baba yako akimsikia anazungumza mbele ya watu wote wale, si atafurahi? Mkutano ni Jumamosi tarehe 14 Machi. Usiniangushe, tafadhali.

Dada yako,
Sandra Wesonga


Osukuru
16 Februari 2026

Dada Sandra,

Leo nimefagia ua asubuhi, nikafagia tena adhuhuri, na sasa ufagio uko hapa miguuni pangu. Tata, yaani mama yake baba, ameuliza kama tuna wageni. Nimemwambia ni wasiwasi wa matokeo ya mtihani. Matokeo kweli nayasubiri, lakini siyo yanayonizungusha.

Nakuomba usimweke mama kwenye hotuba. Sina sababu ya kukupa. Au ninayo, na kila nikiikaribia mkono unakuwa mzito.

Acha nikueleze jambo jingine. Hapa nyumbani hakuna anayesema mama ni mgonjwa. Zamani mama alikuwa na mdomo. Alikuwa akiuza wimbi Busia na kubishana na wanunuzi kwa lugha tano, na akirudi Tata alikuwa akilalamika kwamba mwanawe ameoa redio. Sasa mama akipiga magoti kumpa Tata chai, akainamisha macho bila neno, Tata anawaambia majirani, "Ile ajali ilimfundisha. Sasa huyu iko mkwe kweli." Ndiyo maana aliona hakuna haja mama aendelee kuja kituoni kwenu. Baba mdogo Ikiring naye huitikia: "Mwanamke kunyamaza, hiyo ni ugonjwa? Hiyo ni dawa!" Wanacheka wote, na mama anatabasamu, na anaelewa kila neno.

Mimi pia wananisifu. "Aanyu hana kelele." Nikisifiwa hivyo natamani kuvunja kikombe.

Nina swali. Mtaalamu akishaandika mfano wake, kisha ikaonekana mfano una kasoro, anaweza kuufuta? Nauliza tu.

Emmy


Busia
20 Februari 2026

Mpendwa Emmy,

Swali lako ni la wasomi! Mfano wenye kasoro haufutwi kimyakimya. Mwenyewe anasimama na kusema, "Nilikosea hapa." Ni aibu, lakini ndiyo kazi. Kwa nini umeuliza?

Leo ni Ijumaa na nimepiga simu asubuhi yote bila kupokelewa. Mama anaumwa? Au ni wimbi linavunwa? Nijulishe.

Ninayo habari, na nilitaka kumpa yeye mwenyewe. Wakubwa wa kituo wamesoma muhtasari wa hotuba yangu na wamefurahi sana. Wameamua kwamba wagonjwa wote wa upande wenu wa mpaka wahudumiwe kwa simu tu kuanzia Aprili, kwa kuwa sasa tuna uthibitisho kwamba inafanya kazi. Mama yako atatolewa kwenye orodha ya wanaosubiri kurudi kukaa na mimi ana kwa ana, nafasi yake apewe mwingine, maana yeye amepona. Nilipoulizwa nilisema ndiyo, tena kwa fahari.

Mwambie siku ya mkutano arudie ule utani wa chungu changu. Nimeanza kumwekea hata jina: mwalimu wangu wa utani.

Sandra


Osukuru
23 Februari 2026

Dada Sandra,

Sauti uliyoisikia tangu Novemba pia ni yangu.

Sikupanga. Ile Ijumaa ya kwanza nilipokea simu ili nimpelekee mama shambani. Nilisema tu "Haloo," nawe ukapiga kelele ya furaha: "Mama Emmy! Sauti yako leo imenyooka!" Nilitaka kukurekebisha. Nilisubiri upumue ndipo nikuambie. Hukupumua, dada. Ukauliza hili, ukauliza lile, nami nikajibu, na kadiri nilivyojibu ndivyo njia ya kurudi ilivyozidi kuwa ndefu. Wiki iliyofuata nikaona nitakuambia mwishoni. Wiki nyingine nikaona nitakuambia mwakani.

Na kuna jambo linalonitia aibu kuliko uongo wenyewe. Nilipenda. Nikiwa mama, maneno hayanikwami. Nakutania, nakucheka, nauliza chungu chako. Nikikata simu narudi kuwa Emmy, na kumsalimia muuza chumvi ni kazi ya jasho.

Mama anajua. Jumapili moja alitoka akanikuta nyuma ya jiko nikicheka kicheko chake kwa baba. Alisimama akanitazama mpaka nikamaliza. Hakukasirika, na ningefurahi kama angekasirika. Alirudi ndani, akakaa, akaendelea kuchambua mawe kwenye wimbi.

Ukweli ni huu: picha ulizotupa azitaje majina, akiziona hugeuka ukutani. Maneno ninayoyasikia kwake ni "ndiyo," "hapana," na "hii." Kila kitu ni "hii." Hajapona. Usimtoe kwenye orodha. Niadhibu mimi kwa namna yoyote utakayoona, lakini nafasi yake usimpe mtu mwingine.

Emmy


Busia
6 Machi 2026

Emmy,

Barua yako nilipewa tarehe 25 na nikaisoma nimesimama sokoni, Ochen akiwa bado anasubiri kama kuna majibu. Nilimwambia hakuna. Kama ningekuandikia siku hiyo ningekuandikia maneno ambayo nisingeweza kuyarudisha.

Ilibidi niende kwa wakubwa niseme. Mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo, Wesonga, kwa miezi mitatu umekuwa ukimfundisha kuongea msichana mzima wa afya?" Wakacheka wote. Nikacheka nao ili nisilie mbele yao.

Nilikukasirikia, na bado sijamaliza. Lakini nikiwa peke yangu najiuliza mambo mengine. Najua ubongo ulioumia hauponi kati ya Ijumaa moja na nyingine. Hilo nawafundisha wanafunzi. Ningeweza kusema, "Mama, fungua kamera nikuone." Sikusema, kwa sababu nilikuwa nimepata hadithi nzuri na sikutaka kuigusa.

Hotuba sasa inaitwa "Nilikuwa Namsikia Nani?" Uamuzi wa kuwahudumia watu kwa simu tu umesimamishwa. Nafasi ya mama pia imesimamishwa. Wakubwa wanasema wamechoka kusikia habari zake kupitia mdomo wa mtu mwingine, wangu au wako. Wanataka wamwone wenyewe siku ya mkutano, ndipo waamue.

Muulize mama. Muulize yeye, si Tata wala Ikiring. Akitikisa kichwa kukataa, basi tumeshindwa na tutaheshimu.

Akikubali, kuna sharti moja. Usimsemee. Hata neno moja. Hata akikutazama.

Sandra


Osukuru
10 Machi 2026

Dada Sandra,

Nilimuuliza mama jana, jua likiwa la kuanika wimbi. Nilimweleza yote, hata yale ya wakubwa wako kucheka. Kisha akaingia ndani, akatoka na ile aproni yake ya sokoni yenye mifuko miwili, ambayo hajaivaa tangu ajali. Akaifua, akaianika kwenye kamba mahali ambapo kila mtu anapita. Nadhani hilo ni jibu.

Tata ameiona na nyumba imewaka. "Mkwe aongee mbele ya wanaume wa dunia nzima, mimi nakaa hapa mlangoni? Leo ataongea na kamera, kesho ataniitia mwanangu jina. Atasema 'Okwi' mbele yangu, kama anaita mbuzi!" Unajua kwetu mke akitaja jina la mumewe, wakwe wanaona amewavua nguo. Mama hajawahi kulitaja. Baba ni "Papa Emmy" siku zote.

Baba mdogo Ikiring akaongeza, "Hao watu watasema sisi tumeoa bubu."

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijikuta niko wima na ufagio mkononi. Nikasema, "Baba mdogo, mama si mnyamavu. Amekwama. Kila siku anatafuta neno, na ninyi mnampongeza kwa kulikosa."

Walinitazama kana kwamba kuku ndiye aliyesema. Kisha Ikiring akapiga kofi pajani: "Kumbe huyu nayo iko na mdomo! Tata, umesikia? Radio ilizaa radio!" Alicheka sana, lakini baadaye alinifuata bombani akasema kamera ya simu yetu ina ufa, atatuletea yake. Nadhani anataka tu kuona. Sijali.

Tata hajaniambia neno tangu jana. Nami siwezi kukaa. Nikikaa nasimama, nikisimama natembea hadi barabarani, nikifika barabarani nakumbuka sina ninakokwenda. Akishindwa mbele ya watu wote wale itakuwa mimi niliyempeleka. Akishindwa, dada, wasimtoe.

Emmy


Busia
14 Machi 2026, jioni

Emmy,

Natuma barua hii kwa Ochen kabla hajarudi. Simu ya Ikiring haipatikani, yenu inaita bila kupokelewa, na nimezunguka ofisini kama kuku anayetaka kutaga.

Nikueleze tulivyowaona kutoka huku. Niliposema jinsi nilivyodanganyika, hakuna aliyecheka. Kisha mkaingia ninyi. Aproni, ukuta wa udongo nyuma yake, bega lako pembeni. Nikamuuliza mama polepole, nikimwita kwa jina lake mwenyewe, "Mama Alungat, sokoni ulikuwa unauza nini?"

Akanyamaza. Mwenyekiti wa kikao akasema, "Mama, maiki yako imezimwa." Mwingine akasema tumepoteza sauti ya Tororo. Watu wakaanza kuandika pembeni, network, network. Niliona bega lako likisogea kuelekea simu, Emmy. Nilijua ungeweza kumaliza jambo lile kwa pumzi moja. Nikasema, "Maiki iko wazi. Kuku wao nawasikia. Tusubiri."

Tukasubiri. Nimefanya kazi hii miaka tisa na sijawahi kuona wataalamu wengi hivyo wakinyamaza pamoja. Mikono ya mama ilikuwa ikipepeta ungo ambao haupo. Kisha akafungua mdomo, na picha ikaganda hapo hapo, mdomo wazi, mkatoweka.

Mmoja wa wakubwa wangu, yule aliyenicheka, amesema kumwona akitafuta kumemtosha. Mama ana nafasi yake, kila Jumatano kuanzia Aprili, ana kwa ana. Tutaanza na vitu vya soko, tuziache zile picha zangu.

Lakini alisema nini? Watu wananiuliza, na mimi ndiye ninayeuliza zaidi.

Sandra


Osukuru
16 Machi 2026

Dada yangu Sandra,

Alisema "wimbi."

Lilitoka vipande viwili, na kipande cha pili kilichelewa sana. Betri ya baba mdogo ilikuwa imekufa, kwa hiyo dunia nzima ililikosa na waliolisikia ni sisi watatu: mimi, Ikiring, na Tata aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango akidhani hatumwoni. Ikiring akawa anaitikisa simu na kuitukana. Tata akatoka akakaa chini karibu na mama, akasema kwa sauti ndogo, "Kwani siku zote hizi ulikuwa unatafuta? Mimi nilidhani unaniheshimu." Mama akasema, "Hapana." Sijui alijibu swali gani, lakini Tata mwenyewe ndiye aliyepika chai jioni ile.

Nilikaa juu ya mkono wangu, dada. Kweli kabisa, niliukalia ili nisimfunike mama mdomo kwa maneno yangu. Neno "wimbi" lilikuwa kwenye ulimi wangu lote zima.

Jana ilikuwa Jumapili. Baba alipiga wakati Tata yuko kanisani. Nikapokea kwa sauti yangu. Akauliza, "Wewe ni nani?" Nikasema ni Emmy. Akasema, "Emmy, sauti yako imekuwa lini hivi? Umefanana na mama yako." Hapo ndipo nikamwambia. Nilimwambia yote, bila kupumua, kama wewe ile Ijumaa, kwa kuogopa kwamba nikipumua nitarudi nyuma. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa akipumua kama mtu aliyebeba saruji.

Nikamwambia, "Baba, nampa mama simu. Akinyamaza usikate. Network iko sawa. Subiri."

Mama alichukua simu akaenda nayo nyuma ya jiko, pale pale ninaposimama mimi. Sikumfuata. Nilishika ufagio nikafagia mahali palipokwisha kufagiwa, masikio yote yakiwa kule. Kimya kilikuwa kirefu mpaka nikadhani baba amekata. Kisha nikamsikia mama akisukuma neno, likamrudia, akalisukuma tena.

"Okwi," akasema.

Jina lenyewe tupu, dada. Hakusema Papa Emmy. Baadaye akalisema mara ya pili, safari hii bila kujikwaa, kama mtu anayegonga mlango anaoujua. Aliponirudishia simu nikaweka sikioni, nikasema, "Baba, upo?" Hakujibu. Laini ilikuwa wazi kabisa. Nilisikia magari ya Juba yakipita, na mtu mzima akijaribu kulia polepole. Kwa hiyo nami nikasubiri.

Yale yote niliyokuomba uyafiche tangu Februari, yatoe. Wasimulie wenzako, wakubwa wako, wagonjwa wako, mwambie hata Ochen. Jina langu taja. Lakini hili la jina la baba tunalijua wanne tu, na mama ana haja ya kulitumia tena Jumapili ijayo. Nakuomba, dada, Tata asije akalijua.

Mdogo wako,
Emmy Aanyu